Kufunga kava la mbele la injini ya 1NZ na sensa ya kranki bila gari kurudi wiki ijayo

Probox inayobeba abiria kati ya Njoro na Elburgon haipumziki. Asubuhi inashusha watu, mchana inapakia viazi, jioni inarudi na mitungi ya maziwa. Zikifika kwangu hapa Nakuru, lalamiko huwa moja kati ya mawili: gari linadondosha oili upande wa puli, au linazima likipata moto na kukataa kuwaka mpaka lipoe. Wenye magari huyachukulia haya kama magonjwa mawili. Mara nyingi yanakaa kwenye kipande kimoja cha aluminiamu, yaani kava la mbele la injini. Kava hilo ndilo limebeba sili ya kranki (ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni), pampu ya oili, na sensa inayohesabu mizunguko ya kranki.

Nitakayoeleza ni ya injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya cc 1,496 iliyomo kwenye Probox, Succeed, Fielder, Vitz, Ist, na Premio au Allion za 1.5. Inatumia cheni ndani ya kava, si beluti ya taimini. Ukiwa na injini nyingine ya cheni utaratibu hautofautiani sana, lakini nguvu za kukaza bolti tafuta za injini yako, usikope zangu.

Tenga siku mbili. Si kwamba kazi ni ya siku mbili. Ni kwamba silikoni inahitaji usiku wake. Mwenye gari akisema lazima liwe barabarani leo jioni, mwambie mapema arudi siku atakayokuwa na nafasi.

Kwanza jua oili inatoka wapi

Oili hutambaa. Gasketi ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, ikivuja, oili inateremka usoni mwa kava la mbele na utaapa kwamba kava ndilo bovu. Mimi mwenyewe nimewahi kufungua mbele yote ya injini kwa kosa hilo, nikakuta kava liko sawa na gasketi ya tapeti kava imekauka kama biskuti. Mteja nilimlipisha gasketi tu. Kazi yote ile nyingine ilikuwa ada yangu ya shule.

Kwa hiyo osha injini, ikauke, kisha paka poda ya mtoto upande wote wa puli. Washa dakika kumi hivi, zima, chukua tochi. Angalia poda imelowa wapi mara ya kwanza, si wapi imelowa zaidi. Ikianzia juu, ni gasketi ya tapeti kava au ule mpira wa vali ya oili ya VVT-i (mfumo wa kubadili taimini ya vali) iliyochomekwa kwenye hedi, kichwa cha injini. Ikiwa oili iko nyuma ya puli tu, na imerushwa kwa duara kwenye plastiki ya kuzuia matope, hiyo ni sili ya kranki, na sili hutolewa na kurudishwa kava likiwa mahali pake. Ni pale tu poda inapolowa kwenye kingo, kava linapokutana na bloku (mwili wa injini) na hedi, ndipo kazi ya mwongozo huu inapoanza.

Na sensa je? Skana, kile kifaa cha kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, ikikupa kodi ya P0335 au P0339, watu wengi hukimbilia duka la spea papo hapo. Ngoja. Kodi hizo zinasema mawasiliano ya sensa yana kasoro, na mawasiliano ni pamoja na waya na plagi. Chomoa plagi uangalie ndani. Ukikuta oili, au pini imegeuka kijani, anza na hapo. Fuata waya mpaka unapopotelea juu. Mara nyingi umesuguliwa na beluti au umelala juu ya chuma cha moto kwa sababu fundi aliyepita hakurudisha klipu. Kisha pima sensa yenyewe kwa multimita upande wa ohmu, pini kwa pini, injini ikiwa baridi na tena ikiwa moto. Sensa hii ni waya mwembamba uliozungushwa kwenye sumaku, na ina pini mbili. Multimita isipopata mawasiliano kabisa, au ikisoma karibu na sifuri, sensa imekufa. Ikisoma vizuri baridi na kukatika ikiwa moto, umempata mwizi anayezima gari ukipanda kutoka Salgaa.

Probox nyingi hazina mshale wa mizunguko kwenye dashibodi, kwa hiyo tumia skana: piga stata ukitazama namba ya mizunguko. Stata inazungusha na skana inasema sifuri, kompyuta ya gari haioni kranki, na bila hiyo haitatoa cheche.

Vitu vya kuweka kando kabla hujalala chini

Spana na soketi namba 10, 12 na 14, toki renchi, jeki mbili, stendi, kishikio cha puli, kikwangulio cha plastiki au kipande cha mti mgumu, dawa ya kusafishia breki, matambara safi, na kartoni tupu ya sabuni. Spea ni sili mpya ya kranki, gasketi ya tapeti kava, gasketi ya pampu ya maji, o-ringi zote ndogo, filta, lita nne za oili ya 5W-30 na kulanti (maji ya kupoza injini).

Silikoni nitaizungumzia peke yake, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Fungua mfuniko unuse. Ikinuka siki, hiyo ni ya madirisha na sinki, hata kama kwenye tyubu kumechorwa injini. Ile asidi yake inakula chuma, na mvuke wake unaweza kuua sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Unayotaka ni ya injini, isiyonuka siki. Toyota wanatumia aina mbili kwenye kava hili: moja ya sehemu za oili, nyingine ya pale kava linapopakana na njia ya maji karibu na pampu ya maji. Ukipata tyubu moja nzuri iliyoandikwa kwamba inahimili oili na kulanti pia, itakufaa pande zote mbili.

Kufungua

Toa waya hasi wa betri. Inua mbele, weka stendi, tikisa gari kwa mkono kabla hujaingia chini. Jeki peke yake si kitu cha kulalia chini yake, hata kwa dakika moja. Toa tairi la mbele upande wa puli na plastiki ya matope. Mwaga oili, kisha kulanti kwenye beseni. Usimwage mtaroni: mitaro ya mji huu inateremka Ziwa Nakuru, na ziwa lile halina mto wa kuitoa taka. Oili chafu ina wateja wake, wenye kupaka nguzo za fensi wataipitia.

Legeza alteneta, toa beluti. Toa koili, kisha tapeti kava. Sasa zungusha kranki kwa soketi, kufuata mwendo wa mishale ya saa tu, mpaka mkato wa puli uangaliane na alama ya 0 kwenye kava, na alama za gia mbili za kamshafti (shafti zinazofungua vali) ziwe juu. Zikiwa chini, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Piga picha kwa simu. Picha hiyo itakuokoa baadaye kuliko kumbukumbu yako.

Bolti ya puli imekazwa kweli kweli. Kwenye gari la gia za mkono weka gia ya tano na mtu akanyage breki. Otomatiki inataka kishikio cha puli. Kuna ule ujanja wa kuegemeza kipini cha soketi kwenye chasisi na kupiga stata. Nimeona soketi ikiruka na kupasua rejeta. Ilipita karibu na sikio la kijana aliyekuwa amechuchumaa hapo. Puli ikikataa kutoka, tumia pula. Ukiipiga nyundo ukingoni itapinda, na puli iliyopinda italegeza sili mpya ndani ya mwezi.

Sasa toa sensa, kabla ya kava. Iko chini kwenye kava, bolti moja namba 10. Ichezeshe kushoto kulia huku ukivuta moja kwa moja. Usiibenue kwa bisibisi. Ncha yake ni plastiki na inavunjikia ndani. Tazama ncha hiyo: kwa kuwa ina sumaku, itakuwa imeshika unga mweusi laini. Huo ni wa kawaida kwa gari la umri huu. Ukikuta vipande unavyoweza kuhisi kwa kidole, kuna chuma kinakwisha ndani ya injini, na kuvuja oili si shida yako kubwa tena.

Weka jeki ya pili chini ya injini na ubao mpana katikati. Ubao si mapambo: sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni ya chuma chembamba, na ikibonyea juu inasogea karibu na chujio la pampu na kuinyima oili. Injini ikishashikiliwa, toa maunti ya upande huu, ile inayoishika injini kwenye gari, na bracketi yake, halafu pampu ya maji.

Bolti za kava hazilingani urefu. Hapa ndipo kartoni inapofanya kazi: chora umbo la kava kwa kalamu, na kila bolti unayotoa ichomeke kwenye tundu lake kwenye mchoro. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu la bolti fupi, itagota chini kabla ya kubana. Utadhani imekaza, na kava litavuja hapo hapo. Ukiikaza zaidi, bloku inapasuka.

Kava likishakuwa huru halitatoka kirahisi, silikoni ya zamani imelishika. Tafuta zile sehemu zilizotengenezwa za kuingizia bisibisi na ubenue kidogo kidogo, juu kisha chini. Mkwaruzo mmoja kwenye uso wa aluminiamu ni mfereji wa oili.

Ukishaona cheni

Kama kazi ni kava tu, usiguse cheni. Usizungushe kranki tensheni (kifaa kinachobana cheni) ikiwa imetolewa, wala cheni ikiwa imelegea. Angalia tu: kikanyagio cha cheni, ile reli cheni inapoteleza, kimekatika? Pistoni ya tensheni imetoka karibu yote? Gari lilikuwa linapiga kelele ya kokoto sekunde chache kila asubuhi? Majibu yakiwa ndiyo, mpigie mwenye gari simu sasa hivi ukiwa umefungua. Kumwambia baada ya kufunga ni kumwambia alipe kazi ileile mara mbili.

Nyuma ya gia ya kranki utaona bamba lenye meno. Meno ni 34, nafasi za meno ni 36. Mawili yameachwa makusudi. Kila jino linapopita mbele ya sensa linaamsha umeme mdogo, na lile pengo ndilo linaloiambia kompyuta kranki iko wapi. Jino likipinda, sensa mpya kumi hazitasaidia. Na ukilitoa bamba kwa sababu yoyote, upande wenye herufi F ndio unaotazama mbele.

Kusafisha

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kurudisha kava ni nusu saa. Kusafisha kunaweza kula asubuhi nzima, na hapa hakuna njia ya mkato.

Ziba kila tundu linaloelekea sampu kwa tambara safi, na uhesabu matambara. Kwangua silikoni ya zamani kwenye bloku, hedi na kava kwa plastiki au mti. Usitumie msasa, wala yale mabrashi ya kuzungushwa na drili. Chembe zake ni ngumu kuliko chuma laini cha bearing. Zikiingia kwenye oili zinaisaga kranki kimyakimya. Silikoni iliyogoma, ilowanishe na dawa ya breki, nenda kanywe chai, rudi uikwangue.

Kila tundu la bolti lipulizwe hewa ukiwa umefunika macho. Oili ikibaki chini ya tundu lisilo na mlango wa pili, bolti itaisukuma kama bomba la sindano, na toki renchi itakudanganya kwamba umefika. Chomeka pia kila bolti kwa mkono uone kama nyuzi za kufungia ziko hai.

Mwisho kabisa pangusa nyuso zote kwa dawa ya breki na tambara ambalo halijawahi kuona oili. Baada ya hapo usipitishe kidole. Kuna mafundi wanaofika hapa, wanapangusa kwa mkono kuhakikisha pako laini, na hapo hapo wamepaka mafuta upya.

Sili na pampu ya oili

Gonga sili ya zamani itoke kutokea nyuma, ukitumia mti. Mpya iingie midomo ikitazama ndani ya injini, ikisukumwa kwa kipande cha bomba au soketi kubwa inayogusa ukingo wote, mpaka iwe sawa na uso wa kava. Ikiingia pembe, itoe uanze na nyingine. Paka grisi kidogo mdomoni. Pitisha ukucha kwenye shingo ya puli mahali sili inaposugua. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, puli hiyo itavuja hata kwa sili ya dhahabu.

Pampu ya oili iko ndani ya kava hili hili na inazungushwa na kranki moja kwa moja. Mimina oili safi ndani yake huku ukizungusha rota (sehemu ya pampu inayozunguka) kwa kidole. Pampu kavu huchelewa kuvuta, na kwa injini iliyomwagwa oili yote, sekunde hizo ni ndefu mno.

Silikoni

Mstari uwe wa unene wa milimita 3 mpaka 4, usiokatika, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Ongeza tone pale hedi inapokutana na bloku, na pale bloku inapokutana na sampu, kwa sababu penye viungo vya vipande vitatu pana kona ambayo mstari peke yake haujazi. Weka o-ringi mpya: ulizotoa ngapi, urudishe ngapi.

Najua mkono unavyotamani kuongeza. Aliwahi kuja mzee na Probox yake kutoka upande wa Molo. Ilikuwa imefanyiwa kazi hii kwingine, haikuvuja hata tone, lakini wiki mbili baadaye taa ya oili ilianza kumwemweseka na injini ikagonga. Tulipofungua sampu, chujio la pampu lilikuwa limevikwa minyoo myekundu ya silikoni. Ile inayofinywa nje unaiona na kuipangusa. Ile inayofinywa ndani huioni, inakatika na kuogelea.

"Fundi, sasa hii ni kazi ya kiasi gani?" mzee akauliza.

"Mzee, hii sasa ni injini," nikamjibu. Alikaa kwenye tairi kuukuu muda mrefu kabla ya kusema kitu.

Ukishaanza kupaka, saa imeanza. Kava liwe limewekwa ndani ya dakika 3 na bolti zikazwe ndani ya dakika 15. Ukichelewa, pangua yote upake upya. Silikoni hii haikauki kama rangi, inakomaa kwa kunyonya unyevu wa hewa. Kwa hiyo fundi wa Kisumu, kando ya ziwa, kwenye mita kama 1,130 na joto lenye jasho, ataiona inaota ngozi upesi kuliko mimi hapa kwenye mita kama 1,850. Huku kwetu Januari, hewa ikiwa kavu na vumbi la Menengai likipeperuka, hatari ni nyingine: vumbi hutua juu ya mstari ungali mbichi. Mimi hufunga turubai upande wa upepo kabla ya kufungua tyubu. Na Molo au Mau Summit kukiwa na ubaridi, ipe muda mrefu zaidi kukomaa.

Kurudisha kava

Muwe wawili. Linganisha mkato wa rota ya pampu na zile bapa za gia ya kranki kabla hujakaribia injini. Peleka kava moja kwa moja mpaka likae kwenye pini zake. Usilibandike kisha ulitelezeshe kutafuta matundu, maana utakuwa umepangusa mstari wote. Likigoma milimita za mwisho, rota haijaingia: rudisha nyuma, zungusha kidogo, jaribu tena. Kulivuta kwa bolti kunapasua pampu.

Toa bolti kwenye kartoni moja moja, kila moja mahali pake, zote kwa mkono kwanza. Kaza kuanzia katikati ukienda nje kwa kupishana, mara mbili au tatu. Za namba 10 ni nyutoni mita 11 tu, nguvu ya kifundo cha mkono. Za namba 12 ni 24. Nyuzi ziko kwenye aluminiamu, na bolti iliyokazwa kwa hasira inatoka na nyuzi zake.

Rudisha pampu ya maji na gasketi mpya, bracketi, maunti, halafu puli. Paka oili shingo ya puli, linganisha na ufunguo wa kranki (kijichuma kilichochomoza kwenye kranki), isukume kwa mkono bila kukunja mdomo wa sili. Bolti yake ni nyutoni mita 128. Sasa zungusha kranki mizunguko miwili kamili kwa mkono, upande wa saa, na ulinganishe na picha uliyopiga. Ukihisi kitu kigumu kinagota, simama hapo hapo.

Tapeti kava na gasketi yake mpya vifuate, bolti zikiwa karibu nyutoni mita 10. Tone la silikoni liende pale kava la mbele linapokutana na hedi. Gasketi ikiwa mpya na tone likasahaulika, patavuja kwenye kona hizo mbili tu.

Sensa

Safisha tundu lake. O-ringi iwe mpya, na uipake oili kidogo. Isukume kwa mkono mpaka bapa lake liguse kava lote, ndipo ufunge bolti kwa nyutoni mita 7.5. Ukiacha bolti ndiyo iivute sensa ndani, itaingia pembe na sikio lake litavunjika. Nafasi kati ya ncha na meno imepimwa kiwandani. Usiongeze washa (kile kiduara cha chuma cha bolti), usiisage ncha. Ikihitaji hivyo ili iingie, umenunua sensa ya gari jingine.

Kabla ya kuiweka, ilinganishe na ya zamani: urefu wa ncha, umbo la plagi, ohmu. Maoni yangu, na najua wauza spea hawatayapenda: kati ya sensa mpya ya bei ya kutupa na ya asili iliyotumika kutoka kwenye injini ya Japani, nachukua iliyotumika, mradi niipime kwanza ikiwa baridi, kisha baada ya kuilaza kwenye maji moto ndani ya nailoni.

Plagi isafishwe na dawa ya umeme, ikauke, isukumwe mpaka ulie ule mlio wa klipu. Waya urudi kwenye njia yake, na klipu zote zifungwe. Klipu ikiwa imevunjika, tumia taiti ya plastiki, lakini uvute waya kwa mkono uhakikishe haufiki kwenye beluti.

Kusubiri na kuwasha

Usimimine oili ndani kabla ya masaa mawili kupita. Hicho ndicho kiwango cha chini. Mimi huacha mpaka asubuhi.

Asubuhi weka filta, mimina oili lita 3.7, jaza kulanti. Toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) ili injini isiwake, rudisha betri, kisha piga stata sekunde chache chache, ukiipumzisha katikati, mpaka taa ya oili izime. Rudisha fyuzi, washa. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde chache, zima wewe. Ikizima, iache injini ijisemee taratibu huku hita ya ndani ikiwa kwenye moto, ili hewa itoke kwenye njia za maji, na uongeze kulanti inaposhuka. Futa kodi kwa skana. Ikirudi P0335, rudi kwenye plagi na waya kabla ya kulaumu sensa. Ikija P0016, kompyuta inasema kranki na kamshafti havipatani: zima, fungua tapeti kava, itafute ile picha.

Kisha lipeleke gari likapate moto hasa, lipande mpaka Njoro au lielekee Salgaa likiwa na mzigo. Lizime likiwa moto kabisa, subiri dakika tano, liwashe. Fanya hivyo mara tatu, kwa sababu sensa iliyokuwa inakufa kwa moto haitajionyesha gari likiwa baridi.

Ukirudi, laza ile kartoni ya sabuni chini ya injini, upande usioandikwa ukitazama juu, na uiache usiku kucha. Ikiwa kavu asubuhi, mpigie mwenye gari aje alichukue.